Shamba Linauzwa Pamoja na Nani?

Somo: Ruthu 4:1–12

Katika magazeti yetu umo ukurasa ambao wengi huusoma ingawa hawana nia wala uwezo wa kununua kitu. Ni ukurasa wa mali zinazouzwa. Humo hutangazwa magari, ng'ombe wa maziwa, mashine za kusaga nafaka, na mara mojamoja shamba kubwa lenye nyumba ya zamani. Tangazo la shamba la namna hiyo huandikwa kwa maneno yanayovutia macho: nyumba ya mawe iliyojengwa enzi za wakoloni, baraza pana inayotazama milima, paa la vigae, mahali pa kuotea moto sebuleni, ekari kadhaa za udongo mwekundu, mto usiokauka, miti ya matunda, barabara ipitikayo masika na kiangazi. Na mwishoni, kabla ya bei, mara nyingi huongezwa sentensi moja fupi: shamba litakabidhiwa likiwa tupu.

Tunaomba leo tukae kidogo na sentensi hiyo. Aliyeiandika hana nia mbaya. Anamwambia mnunuzi kwamba siku ya kukabidhiwa funguo hatamkuta mtu wa kubishana naye. Lakini sisi tunaoishi mashambani twajua kwamba shamba tupu ni kitu cha nadra sana. Yupo mlinzi aliyezeekea langoni. Yupo mjane aliyeachiwa robo ekari ya kupanda mahindi tangu mumewe alipokuwa mkamuaji wa ng'ombe wa hapo. Wapo watoto wanaokatiza ukingoni kwenda shuleni, na majirani wanaochota maji mtoni kwa ruhusa iliyotolewa kwa mdomo miaka mingi iliyopita. Yapo makaburi chini ya mti. Shamba halikuwa tupu. Litafanywa kuwa tupu. Hiyo ni ahadi ambayo muuzaji anampa mnunuzi juu ya watu ambao hakuna aliyewauliza neno.

Somo tulilosikia kutoka Kitabu cha Ruthu lahusu jambo hilohilo: shamba limetangazwa kuuzwa, mnunuzi amepatikana, na dakika ya mwisho anaelezwa ni nani anakuja pamoja na shamba. Tutafika Bethlehemu. Lakini kwanza tungependa kupitia chini ya vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, kwa kuwa ipo huko nyumba ya shamba iliyouzwa mwaka 1931, na mwenye nyumba aliandika kwa mkono wake mwenyewe mambo yaliyotokea siku za kuuzwa kwake. Si mara nyingi muuzaji wa shamba hutuachia maandishi ya aina hiyo.

Wengi wenu mmeifikia nyumba hiyo, au watoto wenu wamepelekwa na shule zao. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi aitwaye Åke Sjögren, na ilijulikana kwa jina la Mbogani. Mwaka 1917 ikawa makao ya mama wa Kidenmark, Karen Blixen, aliyekuwa amefika Mombasa Januari 1914 na kufunga ndoa mara tu baada ya kushuka melini. Shamba lilikuwa mali ya kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company, na fedha nyingi za kampuni hiyo zilitoka kwa ndugu zake walioko Denmark. Kwa hesabu aliyoiandika yeye, shamba lilikuwa na ekari 6,000 hivi. Kati ya hizo ekari 600 zilipandwa kahawa, sehemu ilikuwa msitu na malisho, na ekari zipatazo 1,000 zilikuwa mashamba madogo ya familia za Kiafrika zilizoishi humo.

Kahawa haikustawi. Shamba liko juu ya futi 6,000, na wakulima wa kahawa wanaotusikiliza wanajua maana yake: baridi hupiga maua, na miaka ya ukame hukausha kidogo kilichosalia. Mwaka 1923 kiwanda cha kukoboa na kukaushia kahawa kiliteketea kwa moto. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1920, bei ya kahawa ikaporomoka duniani kote pamoja na bei za mazao mengine. Wenye hisa wakachoka kutia fedha mahali zisipozaa. Shamba likauzwa, na mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa Nairobi mwenye nia ya kung'oa mibuni, kuikata ardhi vipande vipande, na kuviuza vipande hivyo kwa watu wa mjini wanaotaka kujenga nyumba za kukaa. Ndivyo ulivyozaliwa mtaa uitwao Karen hadi leo.

Mpaka hapo, ndugu wapendwa, hadithi ni ya kawaida. Kuuza shamba si dhambi. Watu huuza kwa sababu ya deni, ugonjwa, karo, uzee, au kwa sababu watoto wote wamehamia mjini na hakuna wa kushika jembe. Mama yule hakuuza kwa tamaa. Aliuza kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, na alilia. Tunalotaka kulitazama ni zile ekari 1,000.

Watu walioishi kwenye ekari hizo waliitwa maskwota. Neno hilo limekuwa la kudharau katika vinywa vyetu, kana kwamba skwota ni mtu aliyevamia pasipo pake. Hebu tukumbuke lilivyoanza. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliwapa walowezi haki ya kukodi ardhi kwa miaka 999, wakati Mwafrika alihesabiwa kuwa akaa kwa hisani ya serikali tu. Mwaka 1918 sheria nyingine ikaweka sharti kwamba Mwafrika aishiye katika shamba la mlowezi amfanyie kazi mwenye shamba siku 180 kila mwaka, ndipo aruhusiwe kulima kipande chake na kulisha mifugo yake. Siku 180 ni nusu ya mwaka. Baba wa familia alitoa nusu ya mwaka wake ili apate kukaa mahali ambapo, mara nyingi, baba yake alikuwa akikaa kabla ya mtu yeyote kuleta kamba ya kupimia. Mama Blixen aliliona jambo hili waziwazi kuliko wenzake wengi. Aliandika kwamba wengi wa watu hao walizaliwa humo shambani, na baba zao pia, na kwamba huenda wao walimhesabu yeye kuwa ndiye mpangaji, ila wa daraja la juu kidogo.

Basi shamba lilipokwisha kuuzwa, wenye shamba wapya waliwapa maskwota notisi ya miezi sita wawe wamehama wote. Hawakuwahitaji, viwanja vya kujenga nyumba za kifahari havitaki mahindi wala mbuzi katikati. Wale watu walishangaa. Walijua shamba linauzwa, maana habari za deni la kahawa hazifichiki kwa wachumaji wa kahawa. Ila hawakuwa wamefahamu kwamba katika kuuzwa kwa mibuni, wao nao walikuwa wamehesabiwa, na wamehesabiwa kama magugu.

Hapa ndipo maandishi ya mama yule yanapotufaa sana. Anasimulia kwamba walimjia na kukaa nje ya nyumba kutwa nzima, na ombi lao halikuwa la ardhi peke yake. Kwa kuwa sheria haikuwaruhusu kununua ardhi nje ya maeneo ya wenyeji, wangetawanyishwa, familia hii huku na ile kule, popote palipopatikana nafasi. Wao wakasema wanataka kuhama pamoja na kukaa pamoja. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyetengwa na wote wanaomfahamu hana wa kumshuhudia. Ni nani atakayesema kwamba huyu ni mwana wa fulani, kwamba alilipa mahari, kwamba ng'ombe huyu ni wake, kwamba mzee wake alikuwa mtu wa kuheshimiwa? Mama yule akafahamu kwamba mtu anaponyang'anywa ardhi hupoteza zaidi ya udongo: hupoteza na siku zake zilizopita, na majina ya mahali alipoanguka na kuinuka.

Akaanza kuzunguka ofisini. Miezi yake ya mwisho katika nchi hii, wakati vyombo vyake vinauzwa kimoja kimoja na yeye anakalia makasha, aliitumia kwenda ofisi baada ya ofisi kuomba kwamba watu wake wapewe mahali pamoja. Aliambiwa hapana mahali. Aliambiwa arudi kesho. Wanaotusikiliza ambao wamewahi kufuatilia hati ya shamba hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwisho serikali ilikubali kutoa sehemu ya hifadhi ya msitu wa Dagoretti, si mbali na shamba, ili wahamie huko pamoja. Mwaka 1931 akaondoka, wala hakurudi tena Afrika mpaka alipofariki mwaka 1962.

Tusiharakishe kumfanya mtakatifu. Ardhi aliyokuwa akiiuza haikuwa yake kwa namna ambayo wale wazee waliokaa nje ya nyumba wangeielewa. Alifaidi siku 180 za kazi yao miaka mingi. Na yeye mwenyewe anatusimulia habari nyingine ya siku zile za mwisho, ambayo ni chungu. Chifu Kinanjui, kiongozi mashuhuri wa Wakikuyu na rafiki yake wa miaka mingi, alikuwa akifa. Alituma watu wamwite. Hakutaka kupelekwa hospitali; aliomba achukuliwe akafie katika nyumba ile ya mawe. Na mama yule akakataa. Alikuwa amechoka, mambo yalikuwa yamemwelemea, akaogopa kwamba mzee akifia njiani au nyumbani kwake atalaumiwa yeye. Ameliandika jambo hilo bila kulipamba. Nyumba ilikuwa bado yake, vyumba vilikuwepo, na aliyeomba alikuwa mtu ambaye huenda kwa mizani ya wenyeji alikuwa na haki zaidi ya kulala hapo kuliko yeye. Wala hakuomba chumba cha kuishi. Aliomba mahali pa kufia.

Twasema haya kwa kuwa habari ya Ruthu nayo haina malaika. Ina watu wa kawaida langoni pa mji, asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Tuikumbuke. Elimeleki wa Bethlehemu alihama kwa sababu ya njaa, akaenda Moabu na mkewe Naomi na wana wawili. Wote watatu wanaume wakafia ugenini. Naomi akarudi maskini, pamoja na mkwewe Ruthu, mwanamke wa kabila la kigeni. Lilibaki shamba la marehemu, na Naomi hakuwa na nguvu ya kulishika, hivyo linauzwa. Sheria ya Israeli ilikuwa na desturi yake: ardhi isitoke katika ukoo. Mtu akilazimika kuuza kwa umaskini, jamaa yake wa karibu ndiye mwenye haki, na wajibu, wa kulikomboa shamba hilo. Boazi alikuwa jamaa, lakini alikuwapo mwingine aliye karibu zaidi. Basi Boazi akaketi langoni, akamwita yule jamaa alipopita, akawaita na wazee kumi wa mji wawe mashahidi.

Ni vizuri kulitazama lango hilo. Katika miji ile, langoni ndipo palipokuwa mahakama, na soko, na ofisi ya ardhi. Kila mtu aendaye shambani alipitia hapo. Hakuna aliyeweza kuuza shamba la mjane langoni na watu wasijue. Boazi angeweza kumfuata yule jamaa nyumbani kwake usiku, wakamaliza mambo kwa minong'ono, lakini hakufanya hivyo. Alitaka wazee kumi wasikie kila neno.

Akamweleza habari ya shamba. Yule jamaa hakusita hata kidogo: akasema atalikomboa. Bila shaka alilifahamu shamba lile, alijua shayiri yake inavyozaa, na pengine lilipakana na lake. Ndipo Boazi akaongeza maneno ambayo muuzaji wa siku hizi angeyaacha chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo: kwamba siku atakayolinunua shamba, atakuwa amempata na Ruthu Mmoabu, mjane wa marehemu, ili jina la marehemu lisipotee katika urithi wake. Na yule jamaa akarudi nyuma papo hapo. Akasema hawezi, asije akaharibu urithi wake mwenyewe. Akamwambia Boazi alikomboe yeye, akavua kiatu chake na kumpa, kama ilivyokuwa desturi ya kuthibitisha mauzo.

Wahubiri wengi humtukana mtu huyu, na sisi hatuoni sababu. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu hodari wa hesabu. Alipiga hesabu akaona kwamba angetoa fedha zake kununua shamba, kisha Ruthu akizaa mtoto, shamba lingerudi kwa mtoto huyo kwa jina la marehemu, na fedha zake zingekuwa zimepotea. Kwa hesabu hiyo alikuwa sahihi kabisa. Alilitaka shamba likiwa tupu. Mwenye kuiandika habari hii hakumlaani. Alifanya jambo moja tu, nalo lastaajabisha. Katika kitabu kinachohangaika kuhifadhi jina la marehemu asiye na mtoto, mtu huyu aliyekuwa akilinda urithi wa jina lake hakutajwa jina. Tunamjua Boazi, tunamjua Naomi, tunawajua hata wale vijana wawili waliofia Moabu. Yeye tunamjua kama mtu fulani.

Wapendwa wasikilizaji, makatekista wetu mara nyingi ndio wa kwanza kupata habari shamba linapouzwa kijijini, kabla ya chifu na kabla ya wakili. Watu huwajia kuuliza kama ni halali. Basi tuseme mawili matatu kwa uwazi, maana mimbari isiyogusa mambo haya huwaachia madalali kuyafundisha.

Mara nyingi mambo huwa hivi. Mzee amefariki. Hati bado iko kwa jina lake. Mwana mmoja, mara nyingi yule msomi, anapata mnunuzi mwenye fedha taslimu. Mama mzee anaambiwa aweke kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Dada walioolewa hawaambiwi, kwa hoja kwamba wao ni wa kwingine. Ndugu aliyebaki nyumbani akimtunza mama anajua habari siku trekta la mnunuzi linapoingia. Kisha huanza kesi ambayo huwazeesha wote, na mnunuzi, ambaye labda alikuwa mtu mwaminifu, naye anakaa miaka bila shamba na bila fedha.

Nchini Kenya, shamba la marehemu haliwezi kuuzwa kihalali kabla mahakama haijatoa hati ya usimamizi wa mirathi na kuithibitisha. Hiyo ni Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981. Shamba la kilimo lazima lipate idhini ya bodi ya ardhi ya eneo, tangu sheria ya mwaka 1967. Na Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 yataka ridhaa ya mke au mume kabla ya kuuza mali ya ndoa. Tanzania ina Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, na ardhi ya kijiji haihamishwi kutoka mkono hadi mkono pasipo halmashauri ya kijiji kuhusika. Watu hulalamika kwamba taratibu hizi ni usumbufu: vikao, mihuri, safari za wilayani. Ni kweli zinachosha, na ni kweli ziko mahali zinauzwa kama nyanya. Lakini kusudi lake ni lilelile la wazee kumi. Ni kumweka mtu langoni alisikie jambo likisemwa mbele ya watu, na kumpa mjane nafasi ya kusema kwamba yeye yupo.

Kikao cha bodi kikiwa kimetangazwa, tumsindikize mama mzee aende. Wala tusimwambie kwamba wanaume watamwakilisha.

Na wewe unayenunua, ambaye umetunza fedha miaka kumi kwenye chama cha akiba ili upate mahali pa kustaafu, tunakupongeza. Usitosheke kupekua daftari la ardhi, ingawa kupekua ni lazima. Nenda shambani siku ya kazi, si Jumapili alasiri wakati dalali amewaondoa watu. Tembea mpakani kwa miguu. Ukiona njia iliyokanyagwa, uliza ni ya nani. Ukiona mahindi kwenye kona, uliza nani aliyapanda na atavuna lini. Ukiona mti uliozungushiwa mawe, uvue kofia kwanza halafu uulize. Ukimkuta mzee kwenye kibanda, kaa naye, upokee chai yake. Halafu uingize majibu yote katika hesabu ya bei, pale pale unapoingiza kisima na ua. Kama mjane wa robo ekari hawezi kubaki, basi fidia yake na mahali pake papya paandikwe katika mkataba, mbele ya mashahidi, kabla ya sahihi. Baada ya sahihi hakuna atakayekumbuka.

Mwenye kuuza naye asijifiche nyuma ya mnunuzi. Ni rahisi kusema kwamba sisi tumeuza ardhi tu, mambo ya watu atayamaliza mwenyewe. Yule mama wa Ngong angeweza kusema hivyo. Notisi haikutoka kwake. Ilitoka kwa wenye shamba wapya, na kwa sheria hakudaiwa kitu na mtu yeyote kati ya wale waliokaa uani pake. Hata hivyo alifahamu kwamba kuna deni ambalo halimo katika vitabu vya kampuni, akaenda kuligongea milango. Hakulilipa lote. Alilipa kiasi alichoweza kukipata katika ofisi za serikali ile.

Nyumba yenyewe ilipita mikononi mwa wenye mali mbalimbali. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua pamoja na kiwanja chake ikaipa Kenya iwe zawadi ya uhuru, kikawekwa hapo chuo cha lishe, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Baadhi ya samani zilizouzwa mwaka 1931 zimetafutwa na kurudishwa. Wageni hulipa kiingilio, huoneshwa baraza, meza ya kulia, mitambo mikuukuu ya kahawa iliyosimama uani, na vilima vya Ngong kwa mbali. Ni mahali pazuri, nasi tunawashauri mpeleke vijana. Ila mkifika, mwelekezeni kijana atazame pia upande wa viwanja na kuta ndefu zinazoizunguka, mumwambie kwamba hapo palikuwa na moshi wa jikoni kila jioni, na mbuzi, na watu waliojua kwa majina kila mtu aliyezaliwa na kufa humo. Nyumba ya mawe imesimama zaidi ya miaka mia. Nyumba za udongo na nyasi hazina makumbusho yake.

Tunarudi Bethlehemu kwa neno moja la mwisho. Boazi alipokwisha kupokea kiatu, aliwageukia wazee na watu wote waliokuwapo, akawashuhudisha kwamba amenunua kila kilichokuwa cha Elimeleki na cha wanawe, na kwamba amemtwaa Ruthu. Akayataja yote mawili, hakuacha moja likajulikane baadaye. Baada ya hapo, someni ninyi wenyewe, shamba lile halitajwi tena mpaka mwisho wa kitabu. Hatuambiwi lilizaa nini wala lilikuwa na ukubwa gani. Mwandishi anasimulia habari za mtoto aitwaye Obedi, na za Naomi mzee aliyempakata mapajani, na majirani wanawake waliokuja kumpa mtoto jina.

Wiki hii, katika jumuiya zetu ndogondogo, tunaomba sura hiyo ya nne isomwe yote. Ina aya 22 tu, haitachukua muda. Anayeongoza aisome polepole, kwa maana katika kila jumuiya, chumbani humo humo, atakuwapo mtu aliyeuza mwaka huu, na mtu anayefikiri kuuza mwaka ujao, na mtu anayeishi katika shamba ambalo bado hajaambiwa kwamba limepata mnunuzi.